Mitungi Iliyopiga Kura Namukholi

Kobe hujificha ndani ya gamba lake. Selipher alijificha ndani ya mzaha, na humo alikaa raha mustarehe, kwa maana mzaha hauvuji mvua inaponyesha. Alikuwa mpishi na mfagiaji na mlezi na mpiga pasi katika nyumba moja ya mtaa wa Aziziya, Jeddah, kazi za watu wanne kwa mshahara wa mmoja. Bosi alipochelewesha huo mshahara, Selipher alimwuliza kwa adabu kama pesa nazo zinangoja ikama, kile kibali cha kuishi nchini, ndipo ziruhusiwe kuingia jikoni. Bosi akacheka, akalipa. Madam alipomgombeza kwa kuvunja bilauri, alieleza kwamba bilauri ile ilikuwa imechoka siku nyingi na sasa imepumzika. Madam akacheka, yakaisha. Lakini mtu angemwuliza ni lini aliwahi kumwambia binadamu mwenzake "Sitaki," bila kicheko mbele wala nyuma, angejikuna kichwa mpaka nywele zimwishe.

Jambo lisilotaka mzaha lilimfikia Alhamisi jioni, mwezi wa Desemba mwaka 2015, akiwa anakunja sambusa. Madam alikuwa na sheria yake: simu ya Selipher ilishinda ndani ya droo chumbani kwake, ikatolewa jioni kama mbuzi anayefunguliwa akanyooshe miguu. Siku hiyo haikumaliza hata kunyoosha mguu mmoja, ikalia. Alikuwa Metrine, jirani yake wa nyumbani Namukholi, ambaye sasa alikuwa anafanya kazi za ndani Riyadh.

"Mama Cynthia, uko?"

"Niko, ila nusu yangu imo ndani ya unga."

"Itoe hiyo nusu, ukae chini. Shemeji yako Laban ametumaliza."

Namukholi ni kijiji cha miwa, magharibi mwa Kenya. Shule yake ya msingi iliishia darasa la sita, si kwa kukosa watoto, bali kwa kukosa kuta. Aliyetaka darasa la saba alivuka mto kwenda shule ya ng'ambo, na mto wenyewe mvua zikianza hauna heshima kwa mtoto wala mkubwa. Wavulana wachache walivuka. Wasichana walimaliza la sita, wakafungiwa nguo mbili kwenye mfuko wa plastiki, wakaenda mjini kulea watoto wa watu. Selipher mwenyewe alikwenda hivyo hivyo zamani, na mfuko ule ule ndio uliokua ukawa sanduku la kwenda nalo Saudia. Sasa Cynthia, binti yake wa pekee, alikuwa amemaliza la sita.

Mwalimu mkuu, Justus, ndiye aliyekuja na wazo. Shule ina shamba la miwa. Basi watu waikopeshe shule, kila mkopeshaji apewe hati yake, madarasa yajengwe, na miwa ilipe mavuno kwa mavuno mpaka kila mwenye hati arudishiwe chake na kidogo cha juu. Yeye aliziita hati fungani. Kina mama wa Saudia, ambao ndio waliojitolea kukopesha, waliziita bondi. Laban aliziita kitanzi. Ofisi ya elimu ilikubali kwa sharti moja: theluthi mbili ya wazazi wote walioandikisha watoto wapige kura ya ndiyo, kwa kuwa shamba ni lao wote. Kura ikipita, darasa la saba lingefunguliwa Januari ndani ya kanisa, kuta zikiendelea kupanda. Isipopita, halas, limekwisha.

"Kura ni Jumamosi hii," alisema Metrine. "Na Laban, kwa uenyekiti wake wa wazazi, ameamua itapigwa kwa mlolongo. Wanaokubali wasimame nyuma ya Mwalimu Justus, wanaokataa nyuma yake yeye. Kila mtu na miguu yake. Asiyekuwepo hana kura."

"Si na sisi tuko huku?"

"Ndiyo sababu! Hesabu inatafuta theluthi mbili ya wazazi wote, na nusu ya walioandikisha watoto ni akina mama walioko Jeddah, Riyadh na Dammam. Hata kijiji kizima kikisimama nyuma ya mwalimu pamoja na ng'ombe wake, haitoshi. Sisi tusiokuwepo tumeshahesabiwa tumekataa."

Laban alikuwa na sababu zake. Tangu shamba lile liwe mali ya shule, aliyelikodi ni yeye, kwa kodi ambayo hata panya angeona haya kuilipa. Miwa ikianza kulipa bondi, itabidi ilimwe na mtu mwingine, mbele ya macho ya watu.

"Yaani pesa zetu zina miguu," alisema Selipher, "zinafika nyumbani kila mwezi. Sisi wenyewe ndio viwete."

"Usinichekeshe, Mama Cynthia. Mimi nalia."

Selipher alikunja sambusa mbili. Ya pili ikatoka imepinda, akaitazama kama yenyewe ndiyo iliyomkosea.

"Metrine. Ukiwa kwenye chemchemi, foleni ni ndefu, na uji uko motoni nyumbani, unafanyaje?"

"Naacha mtungi kwenye foleni, nakimbia nyumbani."

"Na mtungi wako ukiwa umesimama pale, nani anaupita?"

Kutoka Riyadh kikaja kicheko kidogo, kikakua, kikawa kikohozi.

"Mama Cynthia, wewe ni shetani."

"Asante, mpenzi. Watumie wengine wazo hilo."

Maana Namukholi, mtungi ni mtu. Ile mitungi ya plastiki ya manjano na ya buluu, iliyofika kijijini na mafuta ya kupikia na kubaki na maji, kila nyumba iliitia alama yake: huyu amepaka rangi shingoni, yule amefunga kipande cha leso mkononi. Mtungi ukiwa kwenye foleni ya chemchemi, mwenyewe yuko hapo, hata kama yuko kitandani anatetemeka kwa malaria. Kuusogeza ni kumsukuma mama wa watu. Kiangazi kimoja kuna mwanamume aliusogeza mtungi wa mjane, akatozwa jogoo na wazee, na jogoo akaliwa yeye akitazama. Kwa heshima yake Selipher hakumtaja jina kwenye simu. Hakukuwa na haja. Namukholi nzima ilijua kwamba huyo alikuwa Laban.

Siku ya Ijumaa jioni Laban mwenyewe alipiga simu. Cynthia alikaa kwake tangu baba yake, kaka yake Laban, alipofariki, kwa hiyo sauti yake ilikuwa na haki ya kuingia jikoni bila kubisha hodi.

"Shemeji, habari za Uarabuni?"

"Nzuri, shemeji. Jua linatupika, sisi tunawapikia."

"Haya. Mtoto ni mzima, ananenepa. Nimemwambia binti yangu wa Eldoret aje amchukue mwezi wa kwanza. Ana mtoto mchanga, Cynthia atamsaidia kulea, apate maarifa ya mji. Shule amesoma, jina lake anaandika. Tutafute nini tena?"

Selipher alihisi mkono wake umeshika ukingo wa sinki.

"Na nimesikia kuna maneno ya mitungi," Laban aliendelea. "Sikatai. Mila ni mila. Ila nikukumbushe, mtungi wa boma hili unasimama na boma hili. Mtu haleti fitina kwenye nyumba inayomlelea mtoto. Si tumeelewana?"

Hapo ndipo palipotaka neno moja. Neno lenyewe lilifika mpaka kwenye meno, likachungulia nje, likaona giza, likarudi.

"Shemeji," alisema, "mtungi wangu una masikio mawili, utasikia mwenyewe."

Laban akacheka. Selipher naye akacheka. Simu ilipokatika alibaki amesimama pale, kicheko kikiwa bado usoni kama vazi la kuazima.

Jumamosi nayo ilikuja na mambo yake. Ilikuwa siku ya uchaguzi wa mabaraza ya miji, na kwa mara ya kwanza wanawake wa nchi ile walikuwa wanapiga kura. Madam Wafaa alikuwa amejiandikisha. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwepesi wa hasira na mwepesi wa kuisahau, na asubuhi hiyo aliingia jikoni akiwa amevaa viatu viwili visivyofanana.

"Selifa, dada zangu wanakuja kula saa saba. Upike salig, ule wali wa maziwa mengi. Na kuku. Na... wewe kwenu umewahi kupiga kura?"

"Mara nyingi, Madam. Mpaka kidole kimezoea."

Madam akavuta kiti, akaketi. Hakuwahi kuketi jikoni tangu Selipher aje. "Niambie. Wanakuuliza nini? Wanakutazama?"

Selipher alizima jiko. Akachukua sufuria kubwa akaiweka mezani, akasema hilo ni sanduku. Akapanga kitunguu, nyanya na limau, akasema hao ni wagombea. Akakata karatasi ya kufungia mkate, akampa.

"Unakwenda pembeni peke yako. Unaweka alama kwa unayemtaka. Unakunja. Unatumbukiza. Hata bwana wa nyumba hana ruhusa ya kuchungulia."

"Hata yeye?"

"Hata yeye, Madam. Akichungulia, anafungwa."

Madam aliipenda sana sehemu hiyo. Akarudia zoezi mara kadhaa, kila mara akimchagua limau.

"Halafu," alisema Selipher, "watakuchovya kidole kwenye wino wa zambarau. Hautoki wiki nzima."

Madam akatazama kucha zake zilizopakwa rangi jana saluni. "Wino? Kucha na nyama?"

"Mpaka hapa. Ndio dawa ya wezi. Na je, huyo mgombea wako amewaletea sukari?"

"Sukari ya nini?"

"Madam! Mnapigaje kura bila sukari? Hata kilo moja?"

Madam alicheka mpaka akajishika ubavu. Akaleta pamba na dawa ya kufutia rangi, akaanza kusafisha kidole kimoja, akitikisa kichwa. Selipher aliona mlango umefunguka kidogo. Siku zote aliomba kwa kuzunguka, kama paka anayetaka nyama. Safari hii hapakuwa na muda wa kuzunguka.

"Madam, leo nami nina kura. Kwetu. Ni ya madarasa ya shule. Binti yangu akikosa darasa hilo, atapelekwa mji mwingine kuwa kama mimi. Mkutano unaanza saa nne, na huenda wakanipigia simu. Nisiposhika, kura yangu inatupwa. Naomba simu yangu."

Madam aliacha pamba. Mchana simu ilikuwa "mafi", yaani haipo kwa Kiarabu chake, na sheria hiyo aliitunga mwenyewe baada ya mfanyakazi aliyetangulia kuunguza pasi na kanzu pamoja.

"Kuwa kama wewe," alisema polepole. Akanyanyuka, akapanda ngazi. Aliporudi alikuwa na simu mkononi, na viatu vyake sasa vilikuwa ndugu. "Salig isiungue. Yalla, dereva ananisubiri." Mlangoni akageuka. "Selifa, ukichagua, usiwape limau. Limau ni wangu."

Saa za Jeddah na za Namukholi ni zile zile, jua moja linazichoma zote mbili. Saa nne ilipogonga, maziwa yalikuwa yanaanza kupanda, na ujumbe wa sauti wa kwanza wa Metrine ukaingia. Kaka yake alikuwa kule uwanjani akimtumia habari, naye Metrine akiwa Riyadh alizipokea na kuzirusha Jeddah kama mtangazaji wa mpira.

"Mama Cynthia, wamefika! Uwanja umejaa! Watoto wamebeba mitungi ya mama zao kichwani, utadhani chemchemi imehamia shuleni. Laban amesimama upande wa lango, Mwalimu Justus upande wa bendera. Subiri."

Ujumbe wa pili: "Laban amepinga! Anasema mtungi haupigi kura, hata mtungi uwe na shahada. Afisa wa elimu, Madam Euphrasia, anauliza wazee kama kweli hii ni mila. Wazee wanatazama viatu. Subiri, kukhu Zipporah amesimama!"

Kukhu Zipporah, yaani bibi Zipporah, alikuwa mama mzazi wa Laban na mama mkwe wa Selipher, bibi kizee mwenye chumba kimoja, kuku wengi, na ulimi usiolala. Metrine aliyaleta maneno yake kwa pumzi moja: "Amesema, 'Afisa, mimi mwanangu alitozwa jogoo kwa kusogeza mtungi. Kama mtungi si mtu, basi arudishiwe jogoo wake leo. Na waliomla ni wale wazee wanaotazama viatu.' Mama Cynthia, watu wako chini, wanagaagaa!"

Afisa hakugaagaa. Aliamua hivi: mtungi utahesabiwa ikiwa mwenyewe atapigiwa simu mbele ya watu, sauti ikiwa juu, aseme amesimama wapi. Asiyepokea, mtungi wake unatolewa nje. Mwalimu Justus, ambaye kina mama walikuwa wamemjazia simu kredo ya kutosha kuita dunia nzima, akaanza kupiga.

Metrine aliitwa mapema, akasema ndiyo, akarudi kwenye utangazaji. Wengine wakafuata. Mmoja alipokea akiwa bafuni kwa bosi wake, akanong'ona ndiyo huku maji yakimwagika ili asisikike. Mwingine wa Dammam hakupokea, mtungi wake ukatolewa nje ya mstari, na Metrine alieleza jinsi mtoto aliyeuleta alivyoukumbatia akalia. Selipher alikuwa anakoroga mchele bila kuutazama.

Kisha ukaja ujumbe wenye sauti nyingine, ya chini.

"Mama Cynthia, mtungi wako, ule wa buluu wenye kipande cha leso nyekundu, haupo kwetu. Upo kwa Laban. Anasema aliubeba mwenyewe asubuhi, ni mtungi wa boma lake. Huo mtungi umeutia nuksi mstari mzima. Watu waliokuwa wanakuja upande wetu wameuona wakasita. Kuna mitungi kadhaa imewekwa nyuma yake. Wanasema, kama Selipher mwenyewe, mwenye wazo, amekataa, basi kuna kitu anakijua."

Selipher alitaka kujibu. Simu ikalia mkononi mwake kabla hajafungua kinywa.

"Mama Cynthia," ilisema sauti ya Mwalimu Justus, na nyuma yake kulikuwa na ule mvumo wa watu wengi wanaojaribu kunyamaza. "Uko mbele ya mkutano. Mtungi wako umesimama nyuma ya mwenyekiti. Ndiwe uliyeuweka?"

Aliliona boma. Alimwona Laban akiwa na mikono nyuma ya mgongo, akitabasamu kwa upole wa mtu anayemlisha mtoto wako. Mzaha ukaja wenyewe, bila kuitwa, kama unavyokuja siku zote.

"Mwalimu, mtungi wangu haujawahi kusafiri bila mimi. Nadhani umepotea njia. Jua kali."

Uwanja ukacheka. Ikasikika hata sauti ya Laban katika kicheko kile, na Selipher alikijua kicheko hicho: ni cha mtu aliyeona kuwa mambo yamepita salama.

Ndipo ikaingia sauti ya mwanamke, kavu, ya ofisini.

"Mama, mimi ni afisa wa elimu. Sikuja hapa kuchekeshwa. Siwezi kuandika kwamba mtungi umepotea. Umekubali au umekataa?"

Maziwa yalipanda, yakafika ukingoni, yakamwagika juu ya moto, yakalia chwaaa. Selipher hakuyageukia.

"Nimekubali," alisema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia. "Nimekubali, afisa. Aliyeubeba mtungi wangu hakuniuliza. Shemeji, nakuheshimu, umemlea mtoto wangu, na nitakushukuru mpaka nife. Lakini sitaki aende Eldoret. Nilimaliza la sita, nikapewa mtoto wa watu mgongoni, na mpaka leo sijaushusha mzigo huo. Cynthia anataka la saba. Mimi pia nalitaka. Mtungi wangu uondolewe hapo."

Hakuna aliyecheka. Selipher akadhani laini imekatika. Kisha akasikia minong'ono, na sauti ya plastiki tupu ikigonga goti la mtu anayetembea.

"Ni nani huyo?" aliuliza.

"Ni Cynthia," alisema Mwalimu Justus. "Ameuchukua mwenyewe. Anakuja nao huku. Amepita mbele ya baba yake mdogo bila kutazama kando. Anauweka... ameuweka. Asante, Mama Cynthia. Tuendelee."

Simu ikakatika. Selipher alizima jiko, akakaa kwenye kile kiti alichokalia Madam asubuhi, akajifuta uso kwa kitambaa cha vyombo.

Metrine hakupumzika. Wale waliokuwa wameweka mitungi nyuma ya Laban wakaanza kuiondoa, mmoja mmoja kwanza, halafu kwa makundi, kama watu waliokumbuka ghafla kwamba chemchemi iko upande wa pili. Mzee mmoja aliyekuwa amesimama kwa Laban tangu asubuhi alisema anakwenda kujisaidia, akarudi akasimama upande wa bendera. Afisa akahesabu watu, akahesabu mitungi, akahesabu tena kwa sababu kuku wa kukhu Zipporah waliingia kati. Halafu Metrine alituma ujumbe ambao haukuwa na neno hata moja, ni kigelegele tu, kirefu, mpaka madam wake wa Riyadh akasikika akiuliza kuna nini.

Madam Wafaa alirudi na dada zake saa saba kasoro. Alinusa, akasimama mlangoni.

"Selifa. Salig imeungua."

"Chini tu, Madam. Juu bado inampenda mgeni."

Madam akanyanyua kidole chake kilichofutwa rangi, safi kama cha mtoto. "Hakuna wino! Nimenyoosha kidole, yule mama akanitazama kama mwendawazimu. Nimeharibu kucha bure."

"Hakuna wino? Sasa watajuaje kwamba hujarudi kupiga mara ya pili?"

"Nani anataka kurudi mara ya pili? Foleni ilikuwa..." Akaacha. Akamtazama machoni. "Ya kwenu?"

"Imepita, Madam."

Madam alichukua sahani, akapakua ile salig ya juu, akatia na paja la kuku, akaiweka mbele ya Selipher kabla ya kuwapelekea wageni. Kisha akaenda sebuleni, na Selipher akamsikia akiwasimulia dada zake kuhusu limau.

Jioni Laban alipiga. Selipher aliitazama simu ikilia, akapokea.

"Umenivua nguo mbele ya watu, shemeji."

Mzaha ulikuwepo, tayari, mlangoni. Akauacha hapo hapo.

"Pole, shemeji. Lakini Eldoret hataenda."

"Nimesikia. Dunia nzima imesikia." Akakohoa. "Ameshahamia kwa mama, na godoro lake amebeba. Mama amemwambia alale karibu na kuku, wamfundishe kuamka mapema." Kisha sauti yake ikaanza kuzunguka, kama paka anayetaka nyama. "Hizo bondi. Ni lazima mkopeshaji awe Saudia?"

Selipher alitoa simu sikioni, akaitazama, akairudisha.

"Hapana, shemeji. Hata jirani wa shule anaruhusiwa. Ila kodi ya shamba itangazwe kwanza."

"Nimeuliza tu," alisema Laban, akakata.

Baadaye kidogo ikaingia simu ya kukhu Zipporah, na sauti iliyotoka si ya kukhu.

"Mama, nina haraka. Tunabeba madawati kutoka shuleni kwenda kanisani. Kanisa lina viti tu, hakuna pa kuandikia."

"Leo? Januari bado, mwanangu."

"Wengine wameshaanza kuchagua, mama. Mimi nataka la dirishani, na Justin wa kina Metrine ameliwekea sweta." Nyuma yake watoto walikuwa wanapiga kelele na kitu kizito kinaburutwa sakafuni. "Nakuja! Mama, nitakupigia kesho. Nakwenda kulitoa hilo sweta."

Akakata bila kwaheri.